Kompyuta ya Piyaya: Anza na Jua, Prosesa Baadaye

Leo siasa naziweka kando. Nataka tuzungumzie tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita wote tukishatoka darasa la Kiswahili. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye pesa kidogo, anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza kwa kuchagua vipande mwenyewe, aanze na kipande gani?

Najua wengi wenu mtajibu prosesa. Wengine, hasa nyie mnaokesha na michezo ya mpira kwenye kioo, mtasema kadi ya grafiksi. Mimi nasema aanze na umeme. Na nasema hivyo kwa faida ya watu wote ambao umeme wao hauji bure wala hauji kila siku, wakiwemo wa Sinza na Kijitonyama. Ila mfano wangu wa leo unatoka Piyaya.

Piyaya iko wapi? Ni kata ya wafugaji katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kwenye nyanda zinazotazamana na Serengeti. Wengi wenu upande ule wa nchi mnaujua kwa kikombe cha Babu wa Samunge, mwaka 2011. Basi ni wilaya hiyo hiyo, na waliokwenda kunywa kikombe wanakumbuka barabara zake. Ukitoka Karatu unaiacha lami nyuma yako, halafu unaanza kuhesabu mifupa ya mwili wako mmoja mmoja.

Shemeji yangu mmoja ni mwalimu huko. Ameniandikia kwamba ana shilingi laki tisa, fedha ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani pamoja na akiba ya mshahara, na anataka kompyuta. Si ya kuchezea. Anataka kutunga mitihani na kuichapa bila kusafiri, kuwasaidia vijana waliomaliza shule kujaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo na ya ajira serikalini, kuandika barua za kijiji, na jioni kuwaonyesha wanafunzi video za sayansi. Anataka achague vipande mwenyewe, kwa sababu, kama alivyoandika, "shemeji, kitu nilichokifunga mwenyewe nitajua kukifungua kikiharibika."

Hoja hiyo niliipenda. Kilichonitia wasiwasi ni karatasi aliyoambatisha. Duka moja mjini, jina naliacha, lilimwandikia orodha: kasha kubwa lenye kioo ubavuni, feni nne zinazowaka rangi, kadi ya grafiksi ya mtumba, pawasaplai ya wati 600. Umeme wa nyumbani kwake unatoka kwenye paneli juu ya bati. Hakuna aliyemuuliza.

Tusimlaumu muuzaji peke yake. Miongozo karibu yote ya kuunda kompyuta imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na imeandikwa vizuri tu, kwa ajili ya maisha yao. Mwandishi anachukulia kuna soketi ukutani na umeme haukatiki. Anachukulia kipande kikiwa kibovu unakirudisha kwa posta unaletewa kingine. Anachukulia chumba hakina vumbi. Ukiyaondoa hayo matatu, mwongozo wote unageuka juu chini. Lakini sisi tunausoma, tunautafsiri kichwani, tunamwambia ndugu yetu wa kijijini: nunua hiki.

Haya, tupige hesabu. Ni za darasa la sita, msiogope.

Umeme wa sola unapimwa kwa wati-saa, yaani wati zidisha masaa. Kifaa cha wati 10 kikiwaka masaa matano kimekula wati-saa 50. Paneli ya wati 100, kwa nchi yetu, tukadirie inapata masaa matano ya jua kamili kwa siku, halafu toa karibu theluthi kwa joto, vumbi, nyaya na mawingu. Zinabaki kama wati-saa 350. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 imebeba wati-saa 1,200, lakini kama ni ile ya kawaida ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo unazo 600. Ukipitisha umeme kwenye inveta unapoteza tena, tuseme asilimia 15.

Sasa chukua orodha ya lile duka. Mashine kama ile ikifanya kazi kwa bidii, pamoja na monita yake, tukadirie wati 300. Mwalimu akiitumia masaa manne kwa siku ni wati-saa 1,200. Ongeza kinachopotea njiani, unafika kama 1,400. Hapo anahitaji paneli za jumla ya wati 400 na betri tatu za Ah 100. Hizo laki tisa zimeishia juu ya paa, na bado hajanunua hata mausi.

Chukua sasa mashine ndogo, zile za ofisini zinazokaa kiganjani kama kitabu kinene. Kwa kazi za kuandika na kuangalia video, iweke kwenye wati 20. Monita ya LED ya inchi 19 au 20, wati 20 nyingine. Jumla 40. Masaa manne ni wati-saa 160, na hasara ya njiani ikiongezwa ni kama 190. Paneli moja ya wati 100 inatosha na inabakiza umeme wa taa na simu za majirani. Betri moja ya Ah 50 inamvusha siku moja na nusu bila jua hata kidogo.

Wajuzi watasema vipande vingi vya mashine kubwa havili wati 300 muda wote. Kweli. Mtu akiandika barua tu, mashine hiyo inashuka sana. Lakini mfumo wa sola hauupangi kwa siku ya barua. Unaupanga kwa siku mashine inapofanya kazi, maana siku hiyo ndiyo betri inakufa.

Na nyie wa mjini msicheke. Wati 300 kwa masaa manne kila siku ni uniti 36 za LUKU kwa mwezi. Wati 40 ni uniti tano kasoro. Tena mgao tunaujua. Tulikaa gizani mwaka 2006, tukakaa tena 2011, na tukaukumbuka vizuri mwishoni mwa 2023 kabla ya bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024. Mashine ya wati 40 inavuka saa kadhaa za kukatika kwa betri moja tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: kabla hujauliza kasi, uliza wati. Sasa twende kipande kwa kipande, kwa mpangilio wa Piyaya.

Mwili na prosesa. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni mpya kabisa. Mwaka 2023 Intel walitoa prosesa inayoitwa N100. Ina viini vinne na imepangiwa wati sita tu. Inauzwa ikiwa imeshachomelewa kwenye madabodi ndogo, na nyingine, kama ASRock N100DC-ITX, hazina feni na hazihitaji pawasaplai ya kawaida. Zinapokea volti 19 za moja kwa moja kwenye tundu kama la laptopu. Maana yake unaweza kutoka kwenye betri hadi kwenye mashine kwa kifaa kidogo cha kupandisha volti 12 kuwa 19, bila inveta katikati. Kama ningekuwa natunga kompyuta ya bomani, ningetunga hivyo. Tatizo ni kwamba bodi hizi hazijajaa madukani kwetu, na ukiagiza nje, bei na usafiri vinakula bajeti.

Njia ya pili ndiyo ninayomshauri shemeji: mtumba wa ofisini. Kariakoo, Arusha mjini, au hata Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta mashine ndogo za Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk za ukubwa mdogo na Dell OptiPlex Micro. Zilinunuliwa na makampuni ya ng'ambo, zikafanya kazi miaka michache, zikauzwa. Zimetengenezwa zifunguliwe kwa urahisi, maana mafundi wa ofisi kubwa hawana muda wa kupoteza. Nunua mwili wenye bodi na prosesa, halafu RAM na diski uchague mwenyewe. Huko pia ni kuunda kompyuta. Wanaosema si kuunda mpaka utoke na maboksi kumi hawajawahi kubeba maboksi kumi kutoka Arusha hadi Piyaya.

Uliza kizazi cha prosesa. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba utaiona kwa bei ya kutupa, na sababu mojawapo ni hiyo. Si lazima uiache. Ukiweka Linux itakufanyia kazi miaka mingine. Ila nunua ukijua. Na kama ni lazima Windows, tafuta kizazi cha nane, na uone yale majina yenye herufi T mwishoni, kama i5-8500T. Hiyo T inakuambia prosesa imepangiwa wati 35 badala ya 65.

RAM. Gigabaiti nane zinatosha kwa kazi alizozitaja mwalimu. Kumi na sita ni raha. Lakini sikilizeni: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia mashine za akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana kabisa na Crucial, jina ambalo wengi tulikuwa tunalinunua kwa ajili ya kompyuta za nyumbani. Yaani tajiri wa mbali anajenga ghala la kompyuta, mwalimu wa Piyaya anapandishiwa bei ya kipande cha urefu wa kidole. Kwa hiyo kama mtumba unakuja na RAM yake nzima, ihesabu kama fedha. Muuzaji akitaka kuitoa na kukuwekea ndogo, shusha bei.

Diski. SSD, na hapo sina mjadala. Sababu ya mjini ni kasi. Sababu ya Piyaya ni barabara. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na sindano inayopita juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Haipendi barabara ya mawimbi, na haipendi umeme kuzimika ghafla. SSD haina kinachozunguka. Gigabaiti 256 zinatosha kuanzia. Ila jihadhari na feki. Kuna SSD na flashi zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko ukweli. Ukishajaza zaidi ya ukubwa wake halisi, mafaili ya zamani yanafutwa kimya kimya. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, zinazojaza diski yote na kuisoma upya ili kuona kama kweli ipo. Ipime hapo hapo mjini kabla gari halijaondoka. Mitihani ya mwaka mzima haifai kukaa kwenye diski ya uongo.

Kasha na feni. Vumbi, ndugu zangu. Zile nyanda za majani mafupi zimeumbwa na majivu ya volkano. Ol Doinyo Lengai haiko mbali, na mara ya mwisho ilipotema majivu mengi ilikuwa 2007 na 2008. Wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo, na feni nne zenye rangi ni mashine nne za kulivuta na kulipaka juu ya bodi. Likikaa linaziba njia ya hewa, joto linapanda, mashine inajipunguza kasi au inajizima. Kioo ubavuni kinafaa kuonyesha wageni hilo vumbi. Chagua mwili usio na feni, na ukikosa, wenye feni moja unayoweza kuifungua kwa bisibisi moja na kuisafisha kwa brashi ya rangi kila mwisho wa mwezi. Mijusi na sisimizi nao wanapenda joto la kompyuta, kwa hiyo matundu makubwa ya nyuma yazibwe kwa kipande cha wavu wa mbu.

Kadi ya grafiksi. Hakuna. Prosesa zote nilizozitaja zina uwezo wa picha ndani yake, na video zinacheza bila shida. Kadi nzito ya kuchomeka, juu ya barabara ile, inafika ikiwa imelala ndani ya kasha na imevunja tundu lake.

Monita. Hapa watu hupoteza umeme bila kujua. Zile za chogo zinakula kama mashine mbili au tatu ndogo kwa pamoja. Tafuta ya LED yenye chaja ya nje. Geuza chaja usome maandishi: ikiandika volti 12, unaweza kuilisha moja kwa moja kutoka mfumo wa sola ukiwa na kidhibiti cha kutuliza volti, na inveta unaipumzisha.

Programu. Linux na LibreOffice, bure. Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Desemba 2004 kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Watu wa rika langu wamesahau, wengine hawajawahi kusikia. Kwa pale mtandao unapokuwa wa kubahatisha kuna Kiwix, programu inayobeba Wikipedia na kuisoma bila intaneti. Unaipakua ukiwa Karatu au Arusha, unapanda nayo.

Basi tugawe laki tisa. Bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo tazama mafungu zaidi ya tarakimu. Umeme, yaani paneli, betri, kidhibiti cha chaji, nyaya na fyuzi: laki tatu na sitini. Mashine na RAM na SSD: laki tatu na nusu. Monita ya mtumba: laki moja. Kibodi na mausi: elfu ishirini na tano. Elfu sitini na tano zinabaki mfukoni kwa ajili ya kitu kitakachoharibika, maana kitaharibika. Fungu kubwa kuliko yote ni la umeme. Hilo ndilo linalowashangaza watu, na ndilo ninalolitetea.

Najua mtanipinga. Ngoja nijibu matatu.

Kwanza: "Kwa nini asinunue laptopu ya mtumba? Ina betri, ina kioo, inakula umeme kidogo." Hoja nzito hii, na kwa mtu anayesafiri sana ningemwambia hivyo hivyo. Lakini laptopu ni kitu kimoja. Kibodi ikiingia chai, kioo kikipasuka, tundu la chaji likilegea, mashine nzima inapanda gari kwenda Arusha na mwalimu anakaa bila kazi. Mtumba wa laptopu mara nyingi unakuja na betri iliyochoka, kwa hiyo ile faida umeshaikosa. Kompyuta ya vipande, kibodi ikifa unanunua kibodi nyingine siku ya mnada. Mahali penye mafundi kila kona tofauti hiyo ni ndogo. Kule ndiyo tofauti kati ya kompyuta na pambo.

Pili: "Simu inatosha." Inatosha kusoma na kuongea. Nileteeni mtu aliyewahi kutunga mtihani wa hisabati wa kurasa sita, wenye sehemu na michoro, kwenye simu, nimpe mkono.

Tatu: "Subiri umeme wa REA." Wakala wa Nishati Vijijini umefanya kazi kubwa tangu ulipoanza mwaka 2007, na mwenye macho ameona nguzo zikisogea. Ila kijiji cha wafugaji hakijabanana kama Manzese. Nguzo ikifika makao makuu ya kijiji bado boma liko kilomita kadhaa upande wa pili wa korongo. Na umeme wa gridi ukifika, mashine ndogo yenye betri yake inabaki kuwa na faida, kwa sababu volti zikipanda na kushuka inakunywa kutoka kwenye betri. Hakuna shilingi iliyopotea.

Kuna jambo moja zaidi, na hapa narudi kwenye siasa kidogo, mnisamehe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Moja ya sababu ni kwamba mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulileta hasara na vurugu. Marufuku ile ikaja kulegezwa baadaye. Wengi tunaikumbuka kama kichekesho, eti nchi iliogopa kompyuta. Mimi naisoma tofauti. Tulinunua mashine kabla ya kuandaa watu na mazingira ya kuitunza, ikatushinda, tukailaumu mashine. Watu waliosoma miaka ile na waliochelewa kukutana na teknolojia hii ndio waliolipa gharama.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro kuna mfano wa upande wa pili. Miaka ya 2010, UNESCO na Samsung walipeleka Ololosokwan mradi wa kijiji cha kidijitali, na ndani yake darasa la kompyuta lililojengwa kwenye kontena lenye paneli za sola juu ya paa. Angalieni mpangilio: jua kwanza, kompyuta baadaye. Kampuni kubwa yenye wahandisi ilielewa kwamba huwezi kutenganisha hivyo viwili. Kwa nini mwalimu mwenye laki tisa auziwe kana kwamba vinatengana? Tofauti ni kwamba yeye hana mfadhili wa kumrudishia fedha. Ng'ombe akishauzwa ameuzwa, na kompyuta ikikaa kwenye kona imefunikwa shuka kwa sababu betri haiwezi kuiwasha, kijiji kizima kitajifunza somo baya: kwamba vitu hivi si vyetu. Mtu wa pili hatathubutu kununua.

Ndiyo maana sikubali tunapowapelekea ndugu zetu ushauri wa mjini kama tunavyowapelekea nguo zilizotubana. Mashine ya wati 20 si mashine ya maskini. Wahandisi wa dunia nzima wanahangaika kupunguza wati, na wenye maghala ya kompyuta wanalipa mabilioni ya umeme. Anayeanza na wati anaanza mahali wanakotaka kufika wao.

Wenye maduka, andikeni wati kwenye kibandiko karibu na bei. Hakuna gharama, ni kalamu tu. Na wewe unayesoma hapa, ambaye kila mwisho wa mwaka ukoo unakuita "mtaalamu wa kompyuta" kwa sababu unajua kuweka Windows: ndugu akikuuliza anunue nini, usikimbilie kutaja prosesa. Muulize ana paneli ya wati ngapi, betri yake ina umri gani, na barabara ya kufika kwake ikoje. Ukishapata majibu hayo matatu, vipande vingine vitajichagua vyenyewe.

Kwa upande wa Piyaya, ile karatasi ya duka nimeirudisha ikiwa na mistari myekundu, na orodha mpya imeshapanda. Shemeji ataanza na fundi wa sola, atapima paa, ndipo tutafute mashine. Haya, kazi kwenu. Nawatakieni wiki njema.